Kola ya Uzi Mweusi

Mshona kola alikuwa chooni akikamua maziwa ya mwanawe. Msimamizi wa kiwanda alishaapa kumfukuza mashati yakirundikana mezani pake, kwa hiyo jirani yake wa meza, mshona suruali, humshonea akitoka.

Leo msimamizi aliokota shati jeupe lenye kola ya uzi mweusi.

"Nani kashona hii?"

"Yeye, bosi," mshona suruali akajibu, akionyesha kiti kitupu cha jirani yake.

"Kwa hiyo uzi wa suruali zako umetembea wenyewe?"

"Mwenzangu ananyonyesha, bosi. Yuko chooni anakamua."

"Chakula cha mtoto, chooni?" Msimamizi akachomoa ufunguo wa stoo ya vitambaa. "Mwambie ahamie huko. Na wewe, mama huruma, fumua hiyo kola."