Misumari Sita

Nukta sita za kijani ziliwaka kwenye skrini, na watu waliojazana chumba cha mawasiliano wakashusha pumzi kwa pamoja.

"Wote sita wamo chumba cha usalama!" Msimamizi wa mgodi alipiga meza. "Nani alisema mtandao huu ni anasa? Toboeni hapo hapo. Alasiri tunawapa hewa."

Nje, mashine ya kutoboa mwamba ilinguruma. Fundi wa mtandao peke yake hakushusha pumzi. Wachimbaji walimwita Sikio, kwa kuwa yeye ndiye aliyetandaza nyaya za sauti na za data mpaka mita themanini chini ya ardhi, na hakuna kikohozi cha huko kisichomfikia. Miongoni mwa wale sita alikuwamo kaka yake, aliyemlea tangu baba yao alipofariki.

Mwamba uliporomoka saa nne, wakati wa mapumziko. Sasa ilikuwa saa sita, na nukta hazijasogea hata unywele. Watu sita wamefungiwa gizani, na hakuna hata mmoja anayegeuka ubavu?

Alinyanyua simu, akapiga chumba cha usalama. Laini ilikuwa hai, safi kama maji ya kisima. Iliita mpaka ikachoka.

"Wamezimia," Msimamizi alisema. "Ndiyo maana tunawahi."

Mke wa kaka yake alimshika mkono. "Shemeji, hebu nionyeshe, yake ni ipi?"

"Ya tatu."

"Hii? Mbona anawaka vizuri." Akaigusa nukta kwa kidole, taratibu, kama anayemfuta mtoto machozi.

Sikio akageuza uso asikione kidole kile.

Kila mchimbaji alivaa kiunoni kifaa kidogo cha kuonyesha mahali alipo. Wenyewe walikiita kupe: hakibanduki, na kinanyonya. Mapumziko yalikuwa sharti yawe chumba cha usalama, na chumba kile kilikuwa tanuri. Mwezi uliopita, Sikio akifunga nyaya mle, kaka yake alimcheka.

"Mdogo wangu, umetuletea kupe, tuletee na dawa yake. Nipigie misumari ukutani."

"Ya nini?"

"Ya kumlaza kupe, sisi tukale kwenye njia ya zamani ya mgodi, penye upepo. Au siku hizi umekuwa mtu wa ofisi?"

Hilo la ofisi lilimchoma. Akapiga misumari sita kwa nyundo yake mwenyewe, huku akicheka.

"Bosi," sauti ya Sikio ilitoka imepasuka, "simamisha mashine."

"Umerukwa na akili?"

"Hizo ni kupe, si watu. Zimetundikwa. Wenyewe wako njia ya zamani, upande wa mashariki."

"Umejuaje?"

"Misumari nilipiga mimi."

Msimamizi alimsogelea mpaka pumzi zao zikagusana.

"Sikiliza, Sikio. Zimebaki mita hamsini. Nikihamisha mashine, kumbe wamo humo, nitakuwa nimewazika kwa mkono wangu."

"Na kama hawamo?"

Aliyejibu ni shemeji, bila kugeuka.

"Ulijua. Tangu asubuhi unajua."

"Nilikuwa naomba wasogee, shemeji. Hata mmoja tu."

Msimamizi aliitazama skrini, akamtazama fundi, akaichukua redio kama mtu anayeokota kaa la moto. "Ng'oeni. Hamieni mashariki."

Mngurumo ukakatika. Sikio akapiga tena chumba cha usalama. Safari hii aliomba apokee mtu, yeyote yule, amwambie amekosea, amtukane, amwite mpumbavu mbele ya umma wote ule, naye angepiga magoti ashukuru.

Simu iliita. Ikaita.

Shemeji hakuwa ameondoa kidole juu ya nukta ya tatu, na kijani chake kilimmulika ukucha.