Kuwabara, Sonobe na Mpira Wangu wa Mwisho

Mwaka ule mji wetu wote ulikuwa umegawanyika kati ya marehemu mmoja na kijana wa miaka ishirini na tatu, na mimi nilikuwa nimewachoka wote wawili.

Marehemu ni Kuwabara Jinpachi. Aliichezea timu yetu ya besiboli ya Korongo kabla sijazaliwa, na katika msimu mmoja alipiga mipira hamsini na tatu ikavuka ukuta wa uwanja. Hakuna aliyewahi kumfikia. Sanamu yake ya shaba iko mbele ya uwanja, gongo begani, na watu wakipita huiinamia kama wanavyowainamia wakwe zao. Kijana ni Sonobe Rihito, wa timu ya Ngiri. Naye sasa alikuwa amefikisha hamsini na tatu, na msimu ulibakiwa na mechi moja tu, nayo ilikuwa uwanjani kwetu. Akivusha mpira mmoja zaidi, Kuwabara anakuwa wa pili.

Mimi ni Mizoguchi, mrushaji wa Korongo. Mechi hiyohiyo ilikuwa ya kuniaga. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa na bega lililoniuma hata nikivaa shati. Kwetu, mrushaji anayestaafu hupewa mpigaji mmoja wa mwisho, yule anayefungua mechi, na mpigaji huyo, kwa adabu, hupiga hewa mara tatu, yaani makosa matatu, na kutolewa. Mrushaji analia, anapewa maua, watu wanapiga makofi. Kila mtu anajua kuwa ni zawadi na hakuna anayelitamka. Nimewaona wenzangu wengi wakiagwa hivyo, na kila mara niligeuza uso. Nilitaka kitu kimoja tu, mpira wangu wa mwisho upigwe au ukoswe kweli.

Mchana ule nilishindwa kutulia chumbani na wachezaji wenzangu. Nilikaa, nikasimama, nikafunga viatu, nikavifungua. Mwisho nikashusha kofia usoni nikatoka kwenda kwa mama Obata, anayepika tambi nene za udon nyuma ya uwanja. Kelele zilinipokea kabla sijasogeza pazia la mlangoni.

"Kuwabara alicheza mechi mia na thelathini!" dereva mmoja wa teksi alikuwa anafoka, tambi zinaning'inia kwenye vijiti vyake. "Huyu mtoto amepewa mia na arobaini na kitu. Mpunguzie hizo za ziada tuone atabaki na nini!"

"Na Kuwabara alirushiwa na akina nani?" akajibu mzee mmoja aliyekuwa muuza samaki. "Watu waliorusha jana, wakarusha juzi, mkono umelegea kama hizo tambi zako. Siku hizi mrushaji akichoka kidogo tu anatolewa, anaingia mwingine mbichi, mpira unakuja kilomita mia na hamsini na tano kwa saa. Kuwabara angeuona moto huo angeomba ruhusa aende chooni."

"Chunga mdomo wako! Enzi zake ukuta ulikuwa mbali."

"Ukuta ulikuwa karibu, bwana wee. Mimi nilikuwa nauruka nikiwa mtoto, naingia bila tiketi, napajua ulipokuwa."

"Ndiyo maana umekuwa mwizi wa mizani!"

Duka zima likacheka. Mama Obata akagonga sufuria kwa mwiko akisema wanaotaka kupigana watangulie kulipa. Hapo ndipo dereva aliponiona.

"Mizoguchi! Kumbe uko hapa unakula na sisi! Basi umesikia? Ngiri wamemweka Sonobe awe mpigaji wa kwanza leo, ili apate zamu nyingi. Maana yake wa kwako ni yeye!"

Nilikuwa sijasikia. Siku zote Sonobe hupiga wa nne. Nikaweka vijiti chini.

"Bahati iliyoje," mzee wa samaki akasema. "Anayekupa zawadi ya kuagwa ni mpigaji mkubwa kuliko wote. Atapiga hewa mara tatu, na Kuwabara wetu atapona hizo tatu."

"Na kama atapiga kweli?" nikauliza.

Wakanitazama kana kwamba nimetukana kwenye msiba.

"Kwa mrushaji anayeagwa?" dereva akasema. "Mtoto ana wazazi yule, Mizoguchi. Amelelewa."

Sikumaliza bakuli langu.

Nilirudi uwanjani nikimtafuta kocha wetu wa warushaji, Aragaki. Nilimkuta kwenye ngazi anakula chungwa. Nikamwambia nataka kumrushia Sonobe sawasawa, naye asiambiwe na mtu yeyote kupiga hewa.

"Hakuna atakayemwambia, anajua mwenyewe," Aragaki akasema. "Wewe rusha polepole katikati, pokea maua yako, nenda kapumzike. Baada yako usijali. Wengine wote nimeshawaelekeza."

"Umewaelekeza nini?"

Akatema mbegu. "Wamtupie nje. Mipira minne nje, anatembea bure mpaka kituo cha kwanza. Zamu zote. Rekodi ya Kuwabara haitavunjwa nyumbani kwa Kuwabara. Siyo mimi, ni wakubwa wa juu."

"Hiyo ni aibu."

"Ni heshima," akasema. "Wewe unaondoka leo, Mizoguchi. Sisi wengine kesho tunakuja kazini."

Nilimwacha na chungwa lake. Damu ilikuwa inanichemka mpaka masikioni. Kwa hiyo siku nzima kijana huyu angeona mipira ya kweli kutoka kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo ni mimi, na kwangu yeye alikuwa amepanga kukosa.

Wakati wa mazoezi Sonobe mwenyewe akaja. Ni mrefu, ana mabega ya mlango, lakini alinijia kofia mkononi na kuinama mpaka nikauona utosi wake.

"Kaka Mizoguchi, asante kwa miaka yako yote. Leo ni heshima kwangu kusimama mbele yako. Nitazungusha mara tatu, vizuri. Sitakuaibisha."

"Nani amekuomba?"

Akainua uso. "Kaka?"

"Nimeuliza nani amekuomba. Unanizika kabla sijafa?"

"Ni desturi, kaka. Wote tunafanya."

Nikamvuta pembeni, nyuma ya wavu. Nikamwambia jambo ambalo mtu wa Korongo hakupaswa kumwambia mtu wa Ngiri: kwamba baada yangu hatapata mpira hata mmoja wa kupigika. Nikaona rangi inamtoka usoni.

"Zote?" akauliza.

"Zote. Ukitaka hamsini na nne, ni kwangu tu."

Alikunjakunja kofia yake. Halafu akasema kwa hasira ndogo, hasira ya mtu aliyefundishwa kutoionyesha, "Nikikupiga wewe, watasema nini? Mzee wa kuagwa, bega bovu, kampa mtoto zawadi. Tangu mwezi wa nane sisikii lingine ila Kuwabara, Kuwabara. Kuwabara alipiga mpira mzito, Kuwabara alipanda treni za usiku, Kuwabara alikula viazi. Jina langu litawekwa juu ya lake likiwa na doa."

"Na ukikosa makusudi," nikamwambia, "langu litawekwa na nini?"

Aliinama tena akaenda zake. Sikujua amekubali au amekataa.

Mechi ikaanza saa nane. Nilipopanda kwenye kichuguu cha warushaji, uwanja mzima ulisimama. Mke wangu Satoe alikuwa amekaa karibu na benchi, maua yameshaandaliwa pembeni yake. Sonobe akaingia, akavua kofia, akaniinamia. Makofi yakazidi.

Nikarusha wa kwanza kwa nguvu zangu zote, ambazo hazikuwa nyingi. Akazungusha gongo juu, mbali kabisa na mpira, taratibu, kama mtu anayefukuza nzi sebuleni kwa watu. Uwanja ukapiga makofi kwa upole. Nilimwona bibi mmoja mstari wa mbele anajifuta machozi.

Nikataka kulia mimi pia, kwa ghadhabu.

Wa pili niliurusha ndani, chini ya kidevu chake. Sikutaka kumuumiza, ila sikutaka pia abaki amesimama. Akajitupa chini, gongo likaruka huko, kofia ngumu ikabiringika. Makofi yakakatika. Mrushaji anayeagwa hafanyi vile. Mdakaji wetu akaja mbio, macho yamemtoka: "Kaka, umeteleza?" "Sikuteleza," nikasema. "Rudi ukadake."

Sonobe akainuka, akapangusa vumbi, akaokota gongo. Hakunitazama kwa adabu tena. Alinitazama kama wanavyonitazama watu walionipiga maisha yangu yote, na nikafurahi.

Wa tatu akaupiga. Mlio wake niliusikia kwenye meno. Mpira ulipaa juu upande wa kulia, ukapanda, ukapita ukuta, na watu elfu thelathini wakapiga yowe moja. Ulikuwa umepita nje ya nguzo ya pembeni, labda urefu wa mkono. Hauhesabiki kuwa umevuka, unahesabiwa kosa lake la pili. Aragaki alikuwa ameshafika nusu ya njia kutoka kwenye benchi, uso umemvimba.

"Mpitishe!" akanong'ona kwa meno. "Unataka kutuua? Tupa nje!"

"Mrushaji ni mimi," nikasema. "Nitoe basi, mbele ya watu wote hawa, kabla ya maua."

Hakuthubutu. Akarudi.

Nilikuwa na mpira mmoja uliowahi kunilisha: unakuja umenyooka, na ukifika kwa mpigaji unaanguka. Ilikuwa miaka mitatu haujaanguka. Bega halikuruhusu. Ulikuwa unafika umenyooka hivyohivyo, na vijana walikuwa wanaupeleka mtaa wa pili. Nikaubana katikati ya vidole viwili nikijua kuwa usipoanguka, Kuwabara amekwisha, na mimi nitazeeka nikiitwa mtu aliyemuuza.

Ukaanguka.

Sonobe aliufuata kwa mwili wote, akapiga hewa, nguvu zake zikamgeuza na kumpigisha goti chini. Nilisikia tusi alilojitukania, tusi zito la kwao mashambani ambalo siwezi kuliandika. Nilimtoa. Mimi, kwa bega lile, nilimtoa mpigaji mkubwa kuliko wote wa siku hizi, na alikuwa ametaka kunipiga. Nikapiga kelele nikirukaruka pale juu kama mwehu.

Uwanja ukaripuka kwa makofi. Watu walikuwa wanalia, wanakumbatiana. Mwanzoni nilidhani wameona nilichoona mimi. Kisha nikawasikia wakiimba jina, na jina halikuwa langu. Walikuwa wanamwimba Sonobe.

Zamu nne zilizofuata akatembea bure. Mipira ilikuwa inapita mbali hata gongo refu kuliko lake lisingeifikia. Msimu ukaisha, hamsini na tatu kwa hamsini na tatu.

Baada ya mechi waandishi walimzunguka kwenye ujia, nami nikasimama nyuma yao na Satoe.

"Bwana Sonobe, umeiacha rekodi kwa heshima ya mkubwa wako. Ulijisikiaje?"

"Sikuiacha. Nilitaka kupiga. Mpira ulianguka, sikuuona."

"Unyenyekevu ulioje," akasema mwandishi, sauti inatetemeka.

"Siyo unyenyekevu! Amenitoa!"

Kadiri alivyokana ndivyo walivyozidi kuandika. Mmoja akasema hata kugaagaa mavumbini alikuigiza vizuri, ili mzee apate fahari yake. Nikapenya nikasema kwa sauti kuwa nilimtoa kihalali. Wakatabasamu wakanipisha kwa heshima, kama mgonjwa.

Langoni dereva wa teksi alikuwa ananisubiri. Akanishika mkono kwa mikono yote miwili. "Sasa nakubali," akasema. "Kwa mipira wako sawa, lakini kwa moyo Sonobe amempita Kuwabara. Kuwabara asingemwachia mtu."

"Nilimtoa, we mjinga! Uliuona mpira?"

"Najua, Mizoguchi," akasema akinipapasa bega lile linaloniuma. "Najua."

Nilikuwa karibu kumzaba kofi. Satoe akanivuta. "Baba Mio, twende nyumbani. Mimi nimeona."

"Umeona nini?"

"Nimeona ulivyoruka. Hujawahi kuruka hivyo kwa zawadi."

Tukiwa tunakata kona tukakuta basi la Ngiri linaunguruma, na Sonobe amesimama nje yake, ameshavaa suti na tai, gongo mkononi. Dereva wao alikuwa anapiga honi.

"Nimewaambia," akasema. "Hawasikii."

"Nami nimewaambia."

"Mwakani nitavusha hamsini na nne, watanilinganisha na Kuwabara mpaka nife. Sawa. Lakini ule wa mwisho nimeutembeza kichwani mchana kutwa, kaka, na bado sijui unapoangukia. Na mwakani wewe hupo." Sauti yake haikuwa ya adabu hata kidogo. "Nirushie tena. Sasa hivi. Kabla hawajafunga uwanja."

Bega lilikuwa linawaka, kofia, glavu na kila kitu changu kilikuwa kimefungwa mkobani. Nilimpa Satoe maua, nikavua koti.