Picha Arobaini na Moja Zilizokuwa Bubu

Picha zilikuwa arobaini na moja, na zote zilikuwa bubu.

Katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi alizipitisha kwa mara ya tatu. Mama Pasi akiwa msichana mwembamba mbele ya rundo la mashuka. Mama Pasi na ndoo ya sabuni kichwani. Mama Pasi kasimama mlangoni mwa idara ya kufulia, mikono kifuani, na nyuma yake makoti ya madaktari yamerundikana kama kichuguu, mwaka ule kinamama wa kufulia walipogoma kuyapiga pasi siku nane. Picha zilipokezana vizuri kwenye kioo cha kompyuta, moja inafifia, nyingine inaibuka. Lakini ilipofika ya ishirini na sita, ile ya madirisha mapya, hapo penyewe sauti ilipotakiwa kutoka, kilitoka kimya cha makaburini.

Ilikuwa saa saba na robo mchana. Sherehe ya kumuaga Mama Pasi, aliyekuwa anastaafu, ingeanza saa tisa ukumbini, na Mkurugenzi wa hospitali angekuwa kiti cha mbele.

Hiyo sauti ilikuwa ya Mkurugenzi mwenyewe. Katibu aliinasa kwa simu yake ya vitufe miaka kumi na moja iliyopita, kwenye kikao cha wafanyakazi, wakati chumba cha kufulia hakikuwa na hata tundu la kupitisha paka na kinamama walikuwa wakikohoa mvuke tangu asubuhi hadi jioni. Mama Pasi, mwenyekiti wa tawi la chama, aliomba madirisha manne. Mkurugenzi akamjibu: "Madirisha ni anasa. Mvuke haujawahi kuua mtu. Anayeona joto avue sweta." Basi. Kesho yake makoti hayakupigwa pasi, na siku ya tisa ya mgomo mafundi wakaja na nyundo kutoboa ukuta.

Sasa karani aliyechapa hotuba ya leo alikuwa amewanong'oneza Katibu na wenzake wawili wa kamati jambo. Ukurasa wa pili unasema kwamba uongozi, kwa huruma yake, uliwazawadia kinamama wa kufulia madirisha manne. Huruma. Watu hawa wakinyang'anywa kitu, hungoja miaka kumi kisha husema walitoa sadaka. Sauti isipotoka leo, Mama Pasi atapiga makofi mbele ya watu wote kushukuru kwa kitu alichokipigania kwa kifua chake kibovu, na keshokutwa hakuna atakayekumbuka vingine.

"Hoja," alisema Bwana Toroli, aliyekaa juu ya katoni humo chumba cha sabuni. Yeye ndiye aliyesukuma mashuka machafu kutoka wodini kwa miaka kumi na tisa. "Spika imekufa."

"Naunga mkono," alisema Cherehani, mshona mashuka yaliyochanika, ambaye alikuwa pia shemeji yake Katibu, mdogo wa mkewe.

"Shemeji, unaungaje mkono jambo halijachunguzwa?"

"Kwani tulichunguza nini siku tulipokuunga mkono wewe?"

Ndivyo tawi lilivyofanya kazi. Kulikuwa na mwenyekiti mmoja zamani aliyeamua mambo peke yake, akawauza wenzake kwa cheo cha unyapara, na tangu hapo hata kuhamisha kiti kulipigiwa kura. Kamati ikapiga kura: wawili dhidi ya mmoja, spika ni marehemu. Katibu akaandika kwenye daftari la kumbukumbu. Kisha, kwa kuwa yeye ndiye aliyejifunza kompyuta peke yake, kwa mashine kuukuu iliyotupwa na ofisi ya usajili, akafungua wimbo wa arusi ya binti yake Bwana Toroli. Wimbo ukalipuka hata mtu mmoja huko nje akaanza kupiga vigelegele.

"Marehemu kafufuka," alisema Cherehani. "Futa."

Hoja ya pili ilikuwa kwamba sauti imepunguzwa. Wakaikuta imepandishwa mpaka mwisho. Hoja ya tatu: tundu la kuchomekea visikizi vya masikioni limeziba, kompyuta inadhani imevaa visikizi. Hii ilipita bila kupingwa, kwa sababu Cherehani alikuwa na sindano na mkono unamwasha. Alichokoa, akatoa kipande cha sabuni kama ukucha. Wote wakasogea. Picha ya ishirini na sita ikaja, ikatulia, ikaondoka zake.

"Tumeiosha masikio, nayo bado imetununia," alisema Bwana Toroli.

Saa nane na dakika kumi. Katibu akaanzisha onyesho upya, na kama kila mara, kijisanduku cha maandishi kikajitokeza chini ya kioo, na kama kila mara akakifunga upesi.

"Hicho ulichokifukuza kilikuwa kinasemaje?" Cherehani aliuliza.

"Matangazo tu."

"Matangazo gani?"

"Sijui. Mimi tangazo nisilolipigia kura silisomi."

Cherehani alimtazama vile mtu anavyomtazama mbuzi aliyekula hati ya nyumba. "Shemeji, nilimwambia dada yangu. Rudisha hicho kitu."

Akakirudisha. Cherehani akasoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari kama anafuata mshono: "Faili la sauti halipatikani mahali lilipokuwa."

Akamgeukia Katibu.

"Umelihamisha?"

Katibu alikuwa amelihamisha, bila shaka. Kila jioni alihamisha kila kitu. Tangu siku kabati la tawi lilipovunjwa na kumbukumbu za vikao zikapotea, Jumanne, tarehe kumi na nne, mvua ikinyesha, mlinzi wa zamu kavaa viatu visivyolingana, hakuwahi kulaza waraka wa chama mahali pamoja siku mbili. Karatasi alizificha chini ya magunia, na mafaili ya kompyuta aliyapa majina ya uongo na kuyazika ndani ya mafolda mengine. Hakujua kwamba onyesho halikuimeza ile sauti. Lilikuwa limeandika anwani yake tu. Leo limekwenda kubisha hodi, nyumba imehamwa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Bwana Toroli, taratibu, kama anayesoma kibandiko cha dawa. "Haya kaka, umeliita nani?"

Katibu alikuna kichwa. Akatazama dari. "Sikumbuki."

"Jana tu?"

"Sikumbuki, bwana."

"Unakumbuka viatu vya mlinzi wa mwaka ule, jana hukumbuki?"

"Jana hakuna aliyenidhulumu," alisema Katibu, na alisema kweli tupu.

Wakaanza kufukua. Kulikuwa na faili liitwalo Mwongozo wa Kunawa Mikono. Ndani yake mlikuwa na majina ya waliovunja mgomo. Ratiba ya Kupulizia Mbu ilikuwa barua ya malalamiko. Mapishi ya Wagonjwa wa Figo yalikuwa picha ya gari la Mkurugenzi limeegeshwa mahali pa gari la wagonjwa, siku tofauti sita. Bwana Toroli alicheka mpaka katoni likabonyea.

"Tusipapase," alisema Cherehani. "Shemeji, hebu niambie. Mwizi akiingia humu, ni jina gani hata yeye hatalifungua?"

Katibu alifikiri kidogo. Uso wake ukapata nuru mbaya. Akaandika, na likatokea: Salamu za Mwaka Mpya Kutoka kwa Mkurugenzi.

Likaguswa. "Madirisha ni anasa," likasema, safi kama kengele.

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika nane. Katibu akalipachika upya kwenye picha ya ishirini na sita, safari hii akaliacha jina lake na mahali pake. Kompyuta ikamuuliza maswali matatu kuhusu sauti hiyo ichezwe vipi. Hapakuwa na muda wa kuyasoma, achilia mbali kuyapigia kura. Akajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, akaikumbatia mashine, wakakimbia.

Ukumbi ulijaa. Mama Pasi alikaa katikati, gauni limepigwa pasi hadi mikunjo ingeweza kukata mkate, akikohoa ndani ya leso. Kulia kwake Mkurugenzi, suti nyeusi, hotuba kwenye goti. Picha zikaanza. Watu wakacheka kwa nywele za zamani, wakanyamaza kwa waliokwisha kufa. Ya ishirini na sita ikaja, na kupitia spika kubwa za ukumbi, mtu aliyekaa kiti cha mbele akasema yale aliyoyasema.

Wauguzi wakaziba midomo. Ilikuwa imetimia.

Ikaja picha ya ishirini na saba, Mama Pasi na mjukuu. "Madirisha ni anasa," ikarudia sauti. Ya ishirini na nane, Mkurugenzi mwenyewe akikata utepe mbele ya madirisha hayohayo, tabasamu pana. "Mvuke haujawahi kuua mtu. Anayeona joto avue sweta." Na haikukoma. Swali moja kati ya yale matatu lilikuwa likiuliza kama sauti irudiwe mpaka mwisho wa onyesho.

Mkurugenzi aliinama. "Katibu. Zima."

"Natafuta pa kuzimia, mheshimiwa," alisema Katibu, ametoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Hakuwa akidanganya. Alibonyeza hiki, akabonyeza kile, na sauti ikazidi kuwa kubwa.

Kufikia picha ya thelathini na tano ukumbi mzima uliisema pamoja nayo, polepole, kama darasa la kwanza. Mkurugenzi alikuwa akitiririka jasho. Mkono mmoja ulikwisha kutoka kwenye mkono wa koti alipogundua watu wanamtazama, akaurudisha ndani na kufunga vifungo vyote.

Picha zikaisha. Mkurugenzi akasimama kuhutubia. Alisoma ukurasa wa kwanza, kuhusu uaminifu na kufika kazini mapema. Akalowesha kidole, akafunua karatasi mbili kwa pamoja, na kuendelea na ukurasa wa tatu, kuhusu kumtakia mstaafu afya njema. Kule nyuma karani aliyeichapa alikohoa kikohozi kisicho cha mvuke. Bwana Toroli akamfinya Katibu paja mpaka likauma.

Kisha wakampa Mama Pasi kipaza sauti. Alikigeuzageuza, akakitazama chini kama anatafuta doa.

"Mimi sikuandika hotuba," alisema. "Nina neno moja kwa kinamama mnaobaki. Yale madirisha hufungwa kwa komeo la chini. Nawaona mnavuta la juu, na la juu litakatika. Sikulala siku nane juu ya makoti ya watu ili nyinyi mkavunje komeo. La chini. Mmesikia?"

"Tumesikia, mama," walisema.

"Na wewe, Mkurugenzi, umesikia?"

Mkurugenzi alisema amesikia.

Mama Pasi akarudisha kipaza sauti, akakaa, akaikunja leso yake mara nne.