Shimo la Mawese

Asubuhi ya siku ya soko, Sadiki alikuwa nyuma ya nyumba yake huko Nundu, akisukuma mti wa kukamulia mawese, akilizunguka pipa, na ukingo wa ardhi ulikuwa umemfika kiunoni. Mke wake Yasmina alimimina chikichi zilizochemshwa. Ilibidi ainame zaidi kuliko jana.

Mambo yalianza pale kiwanda cha ng'ambo ya ziwa kilipopata mashine mpya. Guy, mwenye boti, hununua mawese yao, huyavusha, kisha hurudi na sabuni iliyotengenezwa kwa mawese hayohayo. Ndiye aliyesema kule mashine inamaliza kazi ya wiki kabla chai haijapoa. Sadiki, jamani, kwa ubishi hana mwenzake, akaapa kuifikia. Akaongeza mwendo. Udongo ukaanza kushuka, yeye, mti na pipa vyote pamoja. Alivyozidi kukimbia ndivyo alivyozidi kuzama, na Guy naye akazidi kudai mabidoni, yale madumu ya mawese, kwa katoni ileile moja ya sabuni.

Majirani walileta ngazi. Ilipokuwa fupi wakaiunga na nyingine. Mtu wa bureau, ofisi ya serikali, alikuja, akachungulia, akauliza kama kuna dhahabu. Aliposikia hakuna, akaenda zake.

Yasmina aliogopa. Kila wingu lilipotokea upande wa rasi ya Ubwari alikimbilia shimoni, maana mvua moja tu ingemzika mumewe.

"Baba Nadia, panda! Wacha iyo kazi!"

"Nikiwacha, batoto batakula nini?" Sadiki alijibu kutoka chini, akihema.

Yasmina akamfuata Guy ufukweni.

"Guy, leta ile mashine huku kwetu. Bwana yangu anazama."

"Mashine inakulaka umeme, mama. Huku umeme iko wapi?" Guy alisema bila ubaya, akipanga katoni. "Umuambie asukume polepole."

"Akisukuma polepole, utanunua?"

Guy akageuka kuwahimiza wapakiaji wake.

Mvua zilipokaribia, majirani walilifunika shimo kwa shitingi, turubai la plastiki, wakaacha tundu la kamba. Ugali ulishuka, mawese yakapanda, mekundu na ya moto. Sadiki hakuonekana tena. Ulisikika mti tu, ukilia huko chini.

Jioni moja aliita, sauti imefifia. "Mama Nadia, nitafutie sabuni. Ninanuka."

Yasmina alibeba bidon nzima ya mawese hadi kwa Guy, akapewa mche mmoja. Akaufunga kwenye kamba, akaushusha.

Mti ukanyamaza.

Yasmina alipiga magoti matopeni, kaishika kamba kwa mikono miwili. Aliita. Akaita tena, akilia sasa, na jirani yake Georgette akatoka mlangoni.

Kisha, mbali kabisa chini, mti ukaanza kuzunguka, kwa kasi kuliko mwanzo.

"Alhamdulillahi," Yasmina alisema, akajifuta macho, akaenda kuchochea moto wa chikichi.