Mdomo wa Mwalimu wa Kemia

Mwalimu wa kemia alikuwa na dosari moja ambayo mwenyewe hakuijua: hakuweza kuficha jambo usoni. Mwanafunzi akikaribia jibu, midomo ya Mwalimu ilijikunja kama ya mtu anayepuliza chai. Jibu likipatikana, tabasamu lilimtoka bila kuomba ruhusa. Na kwa kuwa hakuna anayejiona mdomo akiwa kazini, mwenzetu aliamini kabisa kwamba darasa lake la kidato cha tatu lilijaliwa vipaji.

Alama nazo zilimuunga mkono. Kazi ya maabara waliyokuwa wakiinoa kwa ajili ya mtihani wa nusu mwaka ilikuwa kudondosha asidi kutoka kwenye bureti, lile bomba refu la kioo lenye koki chini, mpaka maji ya njano ndani ya chupa yageuke rangi ya chungwa. Tone likizidi, maji yanakuwa mekundu na kazi imeharibika. Wanafunzi wake hawakuzidisha. Wenzake ofisini wakamsifu, naye, mgema akisifiwa mnajua tembo linakuwaje, akaanza kutembea kwa madaha.

Aliyemtia wasiwasi ni mmoja tu, kitindamimba wake mwenyewe, aliyekaa meza ya mbele. Mtihani huo ndio ungeamua nani abaki mkondo wa sayansi, na binti alikuwa ameapa kwamba akihamishwa atakula chumbani kwake hadi amalize shule. Baba mtu alimpenda kuliko inavyofaa kuonyesha darasani, kwa hiyo alijikaza: shuleni aitwe Mwalimu, si Baba, na mtu asitarajie kubebwa.

Basi mtihani ukakaribia, na jino lake la nyuma likachagua wakati huohuo kufanya fujo. Mkewe akampeleka kung'olewa asubuhi, amemshika mkono kama mtoto anayepelekwa chanjo. Mchana akarudi maabara na pamba shavuni, mdomo umekufa ganzi, uso hausemi heri wala shari. Akaamuru zoezi lianze.

Lilikuwa balaa. Meza baada ya meza, maji mekundu. Wanafunzi walifungua koki, wakamtazama, wakaendelea kumtazama, na asidi ikimiminika. Kiranja, aliyesifika kwa mkono mtulivu, alimaliza bureti nzima. Mwalimu alijaribu kufoka, lakini mdomo wenye ganzi haufoki; maneno yalitoka yamelegea, na darasa likacheka huku linaogopa.

Jioni nyumbani alikuwa bado anatafuta mchawi. Labda asidi ilichanganywa vibaya, labda bureti zinavuja. Maziwa ya vuguvugu aliyokuwa anakunywa yalimtiririka kidevuni. Binti yake akampa kitambaa, akaketi, akaamua kulitoa la moyoni.

"Baba, asidi haina kosa. Huwa tunasoma mdomo wako."

Akaeleza yote. Darasa zima linajua. Hata anayehamia kutoka shule nyingine hupewa siri hiyo siku ya kwanza, kwamba asihangaike na chupa, amtazame Mwalimu. Mkewe, aliyekuwa akikunja nguo, aliinamia kapu apate kucheka vizuri.

"Na wewe?"

"Mimi ndiye nakutazama kuliko wote. Nimeuzoea uso wako tangu mdogo."

Iliuma kuliko jino. Aliona aibu, kisha hofu, maana mtihani ungesimamiwa na mwalimu wa fizikia, mama mmoja ambaye uso wake haujamwambia mtu kitu tangu aajiriwe.

Kesho yake, ambayo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya mazoezi, alibeba kiti akakiweka mbele ya ubao, akaketi akiwapa mgongo. Watazame chupa, aliwaambia, na atakayeharibu aoshe aanze upya, yeye hageuki. Nyuma yake vioo viligongana, mtu akaguna, mwingine akalaani eti kimoyomoyo, kwa sauti kubwa. Shingo ikamwasha. Kisha akasikia sauti anayoijua kuliko zote.

"Baba, hebu angalia hii. Tafadhali."

Hakumkumbusha kumwita Mwalimu. Alishika kiti kwa mikono miwili.

"Rangi inasemaje?"

"Sijui."

"Basi iulize yenyewe, mama. Mimi siioni."

Akasikia pua ikivutwa, bomba la maji likifunguliwa, chupa ikioshwa. Kisha koki ikizungushwa polepole. Kisha bomba tena. Moyo ulimtoka kwa huruma, na mwili wote ulitaka kugeuka. Mchelea mwana kulia hulia yeye, alijiambia, akaendelea kusoma ubao usio na maandishi. Kipindi kiliisha hajui hata mmoja wao aliishia rangi gani.

Siku ya mtihani alifukuzwa maabara, akaishia dirishani. Mama wa fizikia alimwona anachungulia, akavuta pazia. Akabaki akizunguka uani, akijifanya anakagua maua. Mlango ulipofunguliwa, wanafunzi walitoka wakibishana, mmoja anacheka, mwingine anakuna kichwa. Binti yake alitoka mwisho.

Akamkimbilia. Ganzi ilikuwa imekwisha zamani, na uso wote ulikuwa umejaa maswali.

"Umepata ngapi?"

Binti alimtazama kwa utulivu. Kwamba alikuwa na jibu lake, hilo lilionekana. Zaidi ya hapo, baba mtu alitafuta machoni, akatafuta mdomoni, hakuambulia kitu.

"Matokeo yatabandikwa, Mwalimu," alisema, akampita kwenda kunawa mikono.