Mrusha Tufe na Mzee Vifungu

Wakili yule aliwafadhili wanamichezo kumi na wawili wa chuo kikuu, na kila mmoja alitia saini mkataba wa kurasa kumi na moja. Walimwita Mzee Vifungu, lakini mbele yake, thubutu! Hata raba za mazoezi alizitoa kwa hati.

Alhamisi moja aliingia ofisini kwake mrusha tufe, binti wa mwaka wa pili wa uuguzi, mkono wa kulia ukiwa umefungwa kwa kitambaa shingoni. Alikuwa ameumia bega. Alishakosa mashindano mawili mfululizo, na ya tatu yalikuwa Jumamosi. Akiyakosa hayo, ufadhili umekwisha, afungashe arudi kwao. Akirusha, daktari alimwambia, bega ndiyo basi tena.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Si hicho, hicho kibovu."

Akakaa kwenye kingine, akaeleza yote, na mwishoni sauti ikamkatika. Wakili alisikiliza bila kupepesa. Kisha akaufungua mkataba, akausoma kana kwamba umeandikwa na adui yake.

"Kifungu cha tisa kinakuondoa," alisema. "Cha kumi na nne kinanikataza mimi kulegeza sharti kwa kumwonea mtu huruma. Nilikiweka makusudi. Najijua. Mtu akilia mbele yangu natoa hata meza."

"Kwa hiyo, mzee?"

"Kwa hiyo mimi na wewe tuna mgogoro. Una wakili?"

Jamani! Binti alitamani kumrushia kitu, ila mkono wenyewe ndio huo. Akasema hana.

"Mlango wa tatu kulia. Mwambie nimekutuma mimi. Ni mtalaka wangu. Tumekutana mahakamani mara saba, zote kanigaragaza."

Mtalaka alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyopandishwa kwenye paji la uso. Aliusoma mkataba wote, hata tarehe, ndipo akamtazama binti.

"Kakutuma yeye? Kwa mdomo wake?"

"Ndiyo, mama."

"Makubwa haya."

Akaandika barua. Mteja wake haombi huruma ya mtu. Anadai cheti cha daktari kihesabiwe kuwa mahudhurio, kwa wanamichezo wote, kuanzia leo, la sivyo waonane mahakamani. Karani aliipeleka hatua ishirini, akarudi na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Binti alisubiri.

Robo saa baadaye wakili alikuja mwenyewe, koti kalifunga vifungo vyote.

"Nimeshauriana na mteja wangu," alisema. Mteja wake alikuwa yeye. "Tunakubali madai yote. Nimeshindwa."

Akatia saini akiwa amesimama. Mtalaka akavua miwani.

"Neno hilo ungelisema nyumbani, hata mara moja tu," alisema polepole, "nisingehama."

Wakili aliitazama kalamu yake. "Najua," alisema.

Binti hakujua aangalie wapi. Akachukua nakala yake, akashukuru mara mbili, akatoka haraka. Kwenye ngazi akampigia mama yake, akibonyeza simu kwa mkono wa kushoto.

"Mama, sirudi nyumbani," alisema, akaangua kilio mpaka mama yake akauliza nani kafa.