Mahudhurio Kamili ya Port Victoria

Kila Jumanne ya kwanza ya Agosti, Land Rover ya utafiti ilitoka Kisumu alfajiri, ikafika Port Victoria saa nne na kuegeshwa mbele ya zahanati iliyofungwa kwa kufuli tangu mwaka wa mafuriko. Dalmas, karani wa vipimo, alishusha meza, mizani na mashine ya presha. Wazee walikuwa wamekwisha kupanga foleni, kila mmoja na kadi yake ya manjano. Mjini walibaki wazee watupu. Vijana walikuwa wamehamia Kondele, Nairobi na Kampala, na kati ya maduka tisa, mawili tu ndiyo yaliyokuwa yakifunguliwa.

Mwaka 1965 wazee sitini walitia kidole gumba kwenye karatasi, wakaahidi kuja kupimwa kila mwaka kwa miaka ishirini, ili Daktari Amolo ajue jinsi watu wanavyoweza kuzeeka na afya yao. Daktari Amolo alikaa Milimani, kule Kisumu, na hakuwahi kuonekana. Wakhisi alikuwa namba 40, na mkewe Nabwire namba 41. Kila mwaka Dalmas alimfunga Wakhisi kitambaa cha presha mkononi, akasoma, akatikisa kichwa, akaandika. Kila mwaka Wakhisi aliuliza ni ngapi, akaambiwa hiyo ni siri ya utafiti. Mwaka 1970 alianguka akishona wavu wake, na hakuinuka tena.

Kosa lilikuwa la Nabwire. Alipomvika mumewe koti la kanisani kwa maziko hakupekua mfuko wa ndani, na kadi ilikuwa humo. Wakhisi hakuwa mtu wa kuvunja ahadi. Agosti ilipofika alikuwa kwenye foleni nyuma ya namba 39, udongo mabegani. Nabwire alimpangusa, akamuuliza kama amekula. Wakhisi akasema hana njaa. Alipopanda mizani mshale haukusogea, basi Dalmas akafikiri kidogo na kuandika uzito wa mwaka uliopita.

Habari ilipoenea, watu wakaanza kuwazika wazee wao na kadi makusudi, kwani nani asingependa kumwona mama yake mara moja kwa mwaka? Watoto waliohamia mbali wakawa wanakuja nyumbani Agosti badala ya Krismasi. Kufikia mwaka 1975 marehemu kwenye foleni walikuwa thelathini na wanne. Walikaa upande wa kivuli na hawakumsumbua mtu.

Mwaka huo Dalmas aliwasomea ripoti ya Daktari Amolo. Watu sitini, mahudhurio kamili, na kwa miaka kumi hakuna hata mmoja aliyekufa. Kwa hiyo Port Victoria haihitaji zahanati, na dawa za presha zilizoombwa zimepelekwa kwingine.

Nabwire alisimama.

"Dalmas, hawa walikufa. Andika wamekufa."

"Mama, fomu iko na mahali mbili tu. Amekuja, ama hajakuja. Na hawa wamekuja."

"Bwana yangu uliona presha yake miaka tano! Ulinyamaza!"

"Mimi ni wa kuandika tu, Mama. Kutibu si kazi ya utafiti."

"Na yangu je? Ni ngapi?"

Dalmas alifunika karatasi kwa kiganja. Miaka yote hiyo yeye na watu wa utafiti walikuwa wamemtazama mtu akizama, na kazi yao ikawa kupima kina cha maji. Wakhisi, kule kivulini, aliinamisha kichwa.

Nabwire aliona njia moja tu iliyobaki. Namba moja ikikosekana, wangelazimika kuandika kwamba mtu amekufa, na mtu akifa huenda kufuli la zahanati likafunguliwa. Akarudi nyumbani, akaitia kadi yake motoni chini ya sufuria ya mboga. Alimwita Maximilla, bintiye aliyeuza vitambaa Kondele, akamwapisha: atazikwa mikono mitupu.

Alikufa Machi iliyofuata, baada ya kuumwa kichwa siku tatu mfululizo, hatua mia mbili kutoka mlango wa zahanati. Maximilla alimvika gauni jipya lisilo na mfuko. Dalmas alikuja kutoka Kisumu na rambirambi za ofisi, akalia machozi ya kweli. Alipoinama kumuaga marehemu, alitelezesha kadi mpya chini ya kiganja chake. Ilikuwa namba 41, wino wa mhuri haujakauka.

Agosti, Nabwire alikuwa kwenye foleni nyuma ya mumewe. Maximilla alimfunga kitambaa cha kichwa vizuri, kwa kuwa kilikuwa kimelegea.

"Sikukuja kwa kupenda," Nabwire alimwambia Dalmas alipofika mezani. "Andika hivyo."

"Hiyo haina mahali kwa fomu, Mama."

Akamfunga mkono, akajaza upepo, akasikiliza. Hakukuwa na kitu. Akamuuliza kama kichwa bado kinamuuma. Nabwire, ambaye maisha yake yote hakusema uongo, alijibu kwamba hakiumi tena.

Dalmas akaandika: hali imeboreka. Kisha akamwita namba 42.